Mama Zao Walikuwa Hai

Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowanyakua watoto machotara katika Kongo iliyokuwa koloni lake. Walioshinda ni wanawake watano wazee: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Mama zao walikuwa Wakongo, baba zao Wazungu. Walichukuliwa kati ya mwaka 1948 na 1953, kabla hawajatimiza miaka saba, wakapelekwa kwa masista wa misheni ya Katende huko Kasai. Hukumu imetoka, lakini hoja za kuwatetea waliowachukua bado zinazunguka. Tuzitazame.

“Walikuwa watoto waliotelekezwa, wakaokolewa.” Hoja hii inapendwa kwa sababu inamtuliza anayeisikia: mtoto hana kwao, mtawa anamfungulia mlango. Bitu Bingi alikuwa na kwao. Alichukuliwa mwaka 1953 akiwa na miaka minne hivi, na mama yake alikuwa hai, tena na ndugu waliomzunguka. Mahakama nayo ilitamka kwamba watoto hawa walikuwa wakilelewa na mama zao, na kwamba ulikuwepo mpango wa kuwasaka na kuwachukua kwa sababu tu ya asili yao. Waliokosekana nyumbani ni akina baba, na hata hao mara nyingi walijulikana vizuri, ingawa kwenye karatasi za serikali waliandikwa hawajulikani.

Amri iliyoipa dola mamlaka ya kuwa mlezi ilitoka enzi za Mfalme Leopold II, mwaka 1890. Iliwalenga yatima, watoto waliotelekezwa na waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Ili imfikie mtoto aliye mapajani mwa mama yake, ilibidi kwanza karani amwandike kuwa ametelekezwa. Mama hakuulizwa.

“Akina mama waliridhia.” Bitu Bingi ameeleza kwamba mjomba wake aliambiwa mtoto asipopelekwa misheni, wanaume wa ukoo watachukuliwa jeshini. Hiyo ndiyo ridhaa yenyewe. Na hata pale patakapopatikana karatasi yenye alama ya kidole gumba cha mama asiyejua kusoma, iliyowekwa mbele ya ofisa mwenye askari, alama hiyo itathibitisha tu kwamba mama alikuwa na kidole. Mahakama haikuona ridhaa yoyote.

“Ndivyo dunia ilivyokuwa wakati ule.” Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na haifai kuipuuza, maana mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliikubali: sera hiyo haikubaliki leo, ilisema, lakini wakati huo haikuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake wakakata rufaa. Hapo kalenda ikageuka kuwa shahidi wao. Majaji wa Nuremberg, waliowahukumu viongozi wa Ujerumani ya Kinazi, walitoa hukumu mwaka 1946, na ukatili na utesaji wa raia kwa misingi ya rangi au dini ulikuwa miongoni mwa makosa waliyoyahukumu. Desemba ya mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizithibitisha kanuni za Nuremberg bila nchi yoyote kupinga, na Ubelgiji ilikuwa mwanachama. Watoto wa Katende walichukuliwa baadaye. Kwa hiyo serikali iliyokubali New York kwamba kuwatesa watu kwa ajili ya asili yao ni uhalifu ndiyo iliyowatuma maofisa wake vijijini Kasai kuwakusanya watoto kwa ajili ya asili yao. Tukisema “wakati ule”, basi tuutaje wote. Na uhalifu wa aina hii hauishi kwa kupita miaka, ndiyo maana kesi iliweza kusikilizwa.

Mimi huongeza swali moja: wakati ule wa nani? Mama aliyebaki na kibuyu na nguo za mtoto hakuhitaji Nuremberg ili ajue kwamba ameporwa.

“Lakini walilishwa na kusomeshwa.” Wapo waliopitia vituo vya namna hii wanaowakumbuka baadhi ya masista kwa wema, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya kumbukumbu hiyo. Wanawake wa Katende wanakumbuka njaa na kuitwa watoto wa dhambi. Wanakumbuka pia uhuru wa mwaka 1960: wamisionari waliondoshwa kwa usalama wao, wasichana wakaachwa, wakaangukia mikononi mwa wanamgambo waliowanajisi. Dola iliyojipa ulezi kwa sheria iliuacha siku ulipohitajika kuliko siku zote.

Rwanda, ambako watoto machotara pia walichukuliwa, mambo yalikwenda kinyume. Kutoka kituo cha Save, karibu na Astrida ambayo sasa ni Huye, mamia ya watoto walisafirishwa kwenda Ubelgiji kati ya mwaka 1959 na 1962, wakagawiwa kwa familia za huko. Ndugu walitenganishwa, wengine wakabadilishwa majina. Walisoma, naam. Wengi pia walizeeka bila cheti cha kuzaliwa wala uraia ulio wazi, mpaka Bunge la Ubelgiji likapitisha azimio kuhusu suala hilo mwaka 2018.

“Radhi imekwisha kuombwa, wanachotafuta sasa ni pesa.” Ni kweli, Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni. Baadaye mawakili wa dola hiyohiyo walisimama mahakamani kukana kwamba kulikuwa na uhalifu. Mtu anayekuomba radhi barazani na kukukana kortini hajakuachia njia nyingi. Fedha zilizoamriwa ni euro 50,000 kwa kila mmoja. Anayeziona ni nyingi azigawe kwa miaka.

Na hukumu ni ya watano tu. Machotara waliochukuliwa Kongo, Rwanda na Burundi ni maelfu, na walio hai wamefika umri ambao kesi ya miaka minne au mitano ni ndefu mno. Bunge la Ubelgiji linaweza kutunga sheria ya fidia kwa wote, au serikali iendelee kuwasubiri waje mahakamani mmoja mmoja.