Picha Iitwayo Maendeleo

Katika kikao kimoja cha walimu wa Kiswahili, mwenzetu mmoja, ambaye bidii yake kazini hatuitilii shaka, alitoa shauri kwamba picha moja ya Kimarekani itumiwe madarasani katika mazoezi ya insha na msamiati. Picha hiyo ilichorwa na John Gast mwaka 1872, na jina lake ni "Maendeleo ya Marekani". Sababu zake zilikuwa mbili: kwamba ndani yake mna mambo mengi ya kutajwa, toka gari la moshi hadi plau, na kwamba ati yaeleza neno "maendeleo" vizuri kuliko kamusi. Walioitikia kwa kichwa walikuwa wengi. Sisi hatukuitikia, na kwa kuwa muda wa kikao haukututosha, twatoa hoja zetu hapa.

Na tuitazame kwanza picha yenyewe. Ni ndogo, mtu aweza kuibeba kwapani. Mwanamke mweupe, mkubwa kuliko milima, anaelea angani kuelekea magharibi, nguo zake zikipeperuka, nyota ikimng'aa kwenye paji la uso. Kwa mkono mmoja anatandaza waya wa telegrafu. Kwa mkono wa pili amekumbatia kitabu cha shule. Chini yake wanakwenda wakulima na plau lao, watafuta madini, magari ya farasi, na nyuma yao magari ya moshi. Upande wa kulia, yaani mashariki, kuna nuru na bandari yenye meli. Upande wa kushoto kuna giza, na gizani humo wanakimbia nyati, dubu, farasi-mwitu na watu. Watu hao ndio wenye nchi.

Mwenzetu asema picha hii inalieleza neno letu. Sisi twasema inalipotosha. Maendeleo yametokana na kuenda na kuendelea. Na ajabu ya picha hii ni kwamba kila kiumbe kilichomo kinaenda, tena wote wanaelekea upande mmoja. Mnyambuliko wa vitenzi, ambao twawachosha nao wanafunzi kila muhula, watosha kuifichua: walio katikati wanaendelea, na walio kushoto wanaendeshwa, kama mifugo inavyoendeshwa. Mchoraji amewapaka wote rangi moja ya safari, ili mtazamaji asiulize nani anamfukuza nani. Na silaha iliyo mkononi mwa yule mwanamke si bunduki. Ni kitabu cha shule, chombo chetu sisi walimu. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mwalimu aketi na kutafakari kabla ya kuitundika ukutani.

Nani aliyetaka picha hiyo ichorwe? Ni George Crofutt, mchapishaji wa vitabu vya kuwaongoza wasafiri wa gari la moshi. Reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ya nchi ile ilikamilika tarehe 10 Mei 1869, na bwana huyu alikuwa akiuza habari za safari hizo. Nakala za rangi za picha ile alizitoa kwa wasomaji wake. Kwa hiyo, kabla hatujaiita sanaa, tukiri kwamba ilikuwa pia tangazo la biashara. Mwamba ngoma huvutia kwake, na Crofutt hakuwa mjinga wa kuamba ngoma.

Tutaambiwa kwamba hiyo ni picha moja tu. La hasha! Mwaka 1862 Emanuel Leutze alimaliza kuchora ukutani, ndani ya jengo la Bunge la Marekani, picha kubwa ya wahamiaji wakipanda milima kuelekea magharibi. Wenyeji wa nchi hawamo safarini wala njiani. Wamesukumwa pembezoni, katika mapambo ya ukingo. Tena tazama ile picha ya mapigano ya Little Bighorn ya tarehe 25 Juni 1876, ambamo Jenerali Custer alishindwa na kuuawa pamoja na askari wake. Cassilly Adams aliichora, Otto Becker akaichora upya kwa ajili ya kupigwa chapa, na tangu 1896 kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ikaisambaza katika vilabu vya pombe kote nchini. Custer amesimama katikati kama shujaa wa hadithi, upanga juu. Waliochunguza picha hiyo wamekwisha onyesha kwamba baadhi ya ngao zilizoshikwa na Walakota ni za mtindo wa Wazulu! Wapiganaji wa Afrika ya Kusini na wapiganaji wa Dakota walikuwa kitu kimoja kwa mchoraji: washenzi ni washenzi, na ngao ni ngao. Anayedhani mambo haya hayamhusu Mwafrika na aitazame picha hiyo mara ya pili.

Hatusemi kwamba wachoraji wote walikuwa waongo. George Catlin alipanda mto Missouri mwaka 1832 na kuwachora Wamandan na jirani zao, mtu mmoja mmoja, kwa majina yao, kwa heshima. Miaka mitano baadaye, 1837, ndui iliingia katika vijiji vya Wamandan na kuua sehemu kubwa mno ya watu, hata picha za Catlin zikawa kumbukumbu isiyopatikana kwingine. Aliiomba serikali yake izinunue; Bunge lilikataa, na madeni yakamnyang'anya mkusanyo wake. Alifariki mwaka 1872, mwaka uleule wa picha ya Gast. Nchi iliyomfungia mlango Catlin ilimfungulia Crofutt.

Lakini hata kwa Catlin twasema jambo moja. Mashuhuri kati ya aliowachora ni Mato-tope, mkuu wa Wamandan, ambaye pia alichorwa na Karl Bodmer, Mswisi. Wengi wanaoijua sura ya Mato-tope hawajui kwamba yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Alichora vita vyake juu ya ngozi ya nyati, na baadaye juu ya karatasi. Ndui ilimwua mwaka 1837. Twajifunza basi kwamba wenyeji wale hawakungoja mtu wa kuwachorea. Walikuwa na mkono wao na macho yao, na historia yao waliiandika kwa rangi.

Hapo ndipo twafika kwenye jambo lililotuuma zaidi. Mwaka 1875 wapiganaji 72 wa Wacheyenne, Wakiowa na makabila mengine ya nyanda walipelekwa kifungoni katika ngome ya Fort Marion, Florida. Humo baadhi yao, kama Howling Wolf na Zotom, walijaza madaftari kwa michoro ya uwindaji, ya vita, na ya safari ya kwenda gerezani. Ofisa aliyewasimamia, Richard Henry Pratt, aliwapa karatasi na rangi. Tungependa kumsifu. Lakini mwaka 1879 ofisa huyohuyo alianzisha shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, ambako watoto walikatwa nywele, wakabadilishwa majina, wakakatazwa kusema lugha za mama zao. Karatasi kwa mkono wa kulia, kufuli la ulimi kwa mkono wa kushoto. Kile kitabu cha shule alichokikumbatia yule mwanamke wa angani, hiki ndicho kilichokuwa ndani yake. Nasi tuliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, kisha leo twalitetea somo la Kiswahili mbele ya watu wanaoliona halina haja, twawezaje kukisifu?

Watakuwapo wa kuuliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi wa Uganda? Mwaka 1888 Theodore Roosevelt alitoa kitabu cha maisha ya ufugaji na uwindaji magharibi mwa nchi yake, na picha zake zilichorwa na Frederic Remington, mchoraji aliyewapa walimwengu sura ya kauboi waijuayo hadi leo. Kauboi wa picha zile kwa kawaida ni Mzungu, ijapokuwa wanahistoria hukadiria kwamba yapata mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Roosevelt akawa rais. Alipotoka madarakani, mwaka 1909 alishuka Mombasa na bunduki zake, akapita Kenya, akapita Uganda kwenda Nile. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500. Kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo chafananisha nyanda za Kenya na nyanda za magharibi ya kwao, na chazisifu kuwa nchi ya kufaa Wazungu. Aliyezoezwa na picha kuona mbuga tupu kwao, alifika kwetu akaiona mbuga tupu ileile. Wamasai walikuwapo, lakini picha ilikwisha kuwekwa machoni kabla ya safari.

Wala si sisi tu wenye kulalamika. Mwaka 1991 makumbusho ya sanaa ya taifa mjini Washington yalifanya maonyesho ya picha hizi pamoja na maelezo ya kuzihoji, na maseneta wakaja juu. Kama zingekuwa mapambo tu, hasira ile ingetoka wapi?

Hatutaki picha ya Gast ichomwe. Twataka isitundikwe peke yake. Mwaka 1881 Red Horse, Mlakota aliyepigana Little Bighorn, alichora michoro 42 ya vita ile, nayo imehifadhiwa Washington. Hamna humo shujaa wa katikati. Mna farasi waliolala wafu, askari wafu, na Walakota wafu pia, kwa maana hakuwaficha wa kwake. Mwenzetu alipoisikia hoja hii nje ya kikao alisema kwamba maiti haziwafai watoto. Twamwuliza: katika picha yake, wale wanaokimbilia gizani, yeye adhani walifika wapi?

Basi zoezi tunalolipendekeza ni hili. Mwalimu aziweke picha mbili ubaoni, ya Gast na mmojawapo wa michoro ya Red Horse. Halafu mwanafunzi aandike insha ya kurasa mbili kwa nafsi ya kwanza, akiwa mmoja wa wale walio kushoto kabisa katika picha ya Gast, anayegeuza shingo kumtazama yule mwanamke na kitabu chake.