Kinyama kimoja kwenye formalini hakitoshi
Nakubaliana na wanaoshauri kuchukua vinyama vya uchunguzi kwenye kilango kati ya utumbo mwembamba na utumbo mpana, lakini kwa mgonjwa wa Ufipa jina la kwanza kufikiriwa lisiwe Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), liwe kifua kikuu. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa hapo kuliko sehemu nyingine ya tumbo, na kwa wafugaji kipo pia kile cha ng'ombe, kinachopita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Chini ya hadubini magonjwa haya hufanana: yote mawili huweza kuunda granuloma, na bakteria wasipoonekana kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, kifua kikuu bado hakijaondolewa, maana mara nyingi huwa wachache mno.

Atakayesema tuanze tu dawa za kifua kikuu za miezi 6 akumbuke kwamba limfoma na saratani hujificha hapohapo. Na umbali wa kupeleka vinyama maabara, kutoka Sumbawanga hadi Mbeya? Formalini hukihifadhi kinyama safarini, ila huua bakteria, hivyo kinyama kilicholowekwa humo hakiwezi kuoteshwa bakteria. Madaktari wetu, tafadhali wekeni vipande vingine kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, vipelekwe mapema. Tukikosea jina la ugonjwa, dawa za kushusha kinga anazopewa mgonjwa wa Crohn zinaweza kumuua mwenye kifua kikuu.