Uonevu ku masomo: telefone ya mama inaweza kusaidia, lakini nani atajibu?

Saa sita na nusu wanafunzi wa mwaka wa 7 na wa 8 wanatoka mu darasa. Zamani, mutoto mwenye kuchekelewa na wenzake alikuwa anapumzika akifika kwao, hata kama ni mpaka kesho asubui tu. Leo ile pumziko haiko tena. Mangaribi telefone ya mama inalia: mu grupu ya WhatsApp ya darasa, mumoja ametuma picha ya viatu vyake vyenye kupasuka, na chini yake jina la kumuzarau. Wengine wanatia alama za kucheka. Kesho yake mutoto anasema tumbo linamuuma, haende ku masomo. Mama anamupatia dawa ya tumbo.

Tukisema uonevu, hatusemi ugomvi wa siku moja. Ni ile mambo yenye kurudia kila siku, kwa mutoto yule yule, mwenye hana nguvu ya kujitetea.

Hapa Kamatanda jambo hili ni zito sana, juu mutoto mwenye kukimbia masomo hakosi pa kwenda. Mugodi uko karibu na nyumba, na kule hakuna mwenye kumuuliza kaye yake iko wapi. Mu 2014 Unicef ilikadiria kwamba watoto karibu 40.000 walikuwa wanatumika mu migodi ya kusini mwa Congo. Tusidanganyane, wengi wao ni umaskini njo uliwapeleka. Lakini mutoto mwenye kuogopa darasa ni rahisi zaidi kumupoteza.

Na si kwetu tu. Mu 2019 Unesco ilisema karibu nusu ya wanafunzi wa Afrika kusini ya Sahara walionewa na wenzao mu mwezi mumoja. Mwaka ule ule, Unicef iliuliza vijana wa inchi 30 kupitia U-Report, chombo cha ujumbe wa telefone chenye kilianzia Uganda mu 2011. Vijana zaidi ya 170.000 walijibu. Mumoja juu ya watatu alisema ameisha kuonewa ku intaneti, na mumoja juu ya watano alisema aliwahi kuacha kwenda masomo kwa sababu ile. Tuangalie vizuri namna majibu yale yalipatikana: mutoto hakulazimishwa kusimama mbele ya prefe na kutaja majina. Alijibu ku telefone, peke yake.

Finlande ilienda mbali zaidi. Chuo kikuu cha Turku kilitengeneza programu yenye jina KiVa, na tangu 2009 ilienea mu mashule mengi ya inchi ile. Watoto wanacheza mu ordinatere michezo ya kujifunza nini ya kufanya wakiona mwenzao anateswa. Kila mwaka wanajibu maulizo ku intaneti bila kuandika jina, na masomo inajua uonevu uko kwa wingi gani. Kiisha, na hapa njo penye maana, kuko kikundi kidogo cha walimu wenye wanajulikana: wanaita mwenye kuonewa, wanaita mwenye kuonea, kisha siku zingine wanarudi kuuliza kama imeisha. Mwalimu wa darasa anaomba pia wanafunzi wawili watatu wenye kuheshimiwa wakae karibu na yule mwenye kuteswa. Pamoja na hayo yote, KiVa ilifaulu vizuri kwa watoto wa primere, lakini kwa wale wa miaka 13 mpaka 15 matunda yalikuwa madogo. Ndio umri wa mwaka wetu wa 7 na wa 8! Basi mwenye kuja hapa Likasi na aplikasio na kutuahidi kwamba uonevu utaisha, tumuulize maneno mengi.

Kwa wazo langu, cha kuchukua kwa Wafini si ordinatere. Mu darasa zetu watoto wamejaa, umeme unakatika, na watoto wengi hawana telefone yao, wanaazima ya mama ao ya yaya. Lakini maulizo bila jina yanawezekana hata ku kipande cha karatasi: "Kuna mwenzako anateswa? Wapi? Saa ngapi?" Mwalimu mumoja anahesabu majibu na kuyaweka mu telefone yake. Kama karatasi ishirini zinasema "nyuma ya vyoo, saa ya rekreasio", prefe anajua pa kusimama kesho.

Kosa lenye tunalifanya sisi wazazi ni kutupa shida ya mutoto mu grupu ya WhatsApp ya wazazi. Mama anaandika kwa hasira, anataja majina, na mbele ya jua kuzama watu mia moja wanajua mutoto wake anakojoa ku kitanda. Hiyo ni kumuonea mara ya pili. Afazali kupiga picha ya ukurasa mbele haijafutwa, kuichunga, na kuipeleka kwa muntu mumoja tu.

Sheria iko. Code ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu kutesa muntu kupitia intaneti. Lakini sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mwenye hajafikisha miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na kosa la jinai. Kwa hiyo kumutishia mutoto wa miaka 12 na polisi ni bure, na yeye anajua. Kazi inabaki ya masomo na komite ya wazazi.

Kenya, Uganda na Tanzania wana namba ya watoto, 116, ya bure, hata ku telefone ndogo isiyo na intaneti. Nguvu yake haiko mu namba. Iko mu yule mwenye kukaa pale na kujibu. Ku masomo ya mutoto wako, mwalimu wa kupokea maneno kama haya ni nani? Jina lake limeandikwa ku mulango? Komite ya wazazi inaweza kuuliza ile ku mukutano wake wenye kuja, na hiyo haiombi mega hata moja.