Eti "Ngoja Bei ya Sola Ishuke"

Kila nikitaja sola, kuna mtu lazima aseme, "Ngoja bei ishuke." Bosi, bei ya paneli imekuwa ikishuka miaka kumi na zaidi, na wewe bado unangoja! Tokeni za 3,000 kwa mwezi ni 36,000 kwa mwaka, na hazirudi. Stima ilipopotea karibu nchi nzima 25 Agosti 2023, huko kungoja kwako hakukuwasha hata balbu moja.

Kama umepanga, sawa, nunua ile ndogo ya taa na simu, utahama nayo. Lakini nyumba ni yako, paa ni lako, jua ni la bure? Piga hesabu ya matumizi yako, chukua inverta yenye nafasi, paneli utaongeza polepole. Anza.