Hiyo 1200 kwenye boksi la ruta si kasi yako

Ukishasema kazi yako ni kuandika programu, watu hukuhesabu kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Basi swali ninaloulizwa sana ni hili: ninunue ruta ya 1200 au ya 3000? Jibu langu huwaudhi wengi, maana huanza na swali jingine: kwani unalipia mtandao wa kasi gani?

Tuifungue hiyo nambari. Ruta iliyoandikwa AC1200 hutumia masafa ya aina mbili. Kwenye gigahezi 2.4 kiwango chake cha juu ni megabiti 300 kwa sekunde, kwenye gigahezi 5 ni 867. Jumlisha, upate 1167, halafu mwenye kiwanda akaipandisha kidogo ipendeze. AX1800 nayo ni 574 na 1201. Simu ya kawaida hushika masafa ya aina moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hiyo jumla haitaiona kamwe. Ni kama mtu mwenye matatu mbili, moja ya abiria 14 na nyingine ya 33, atangaze kwamba ana matatu ya abiria 47!

Na hiyo 867 yataka kifaa chenye antena mbili. Simu nyingi za bei nafuu zina moja, zinaishia 433. Toa tena muda ambao vifaa vinangojeana zamu hewani. Ukibaki na nusu, shukuru.

Kinachonikera zaidi ni tundu la waya. Ziko ruta za AC1200 ambazo matundu yake ni ya megabiti 100 tu, kwa hiyo intaneti haiwezi kuingia nyumbani kwako kwa kasi inayozidi hapo. Hilo huandikwa 10/100 kwa herufi za kutafuta na miwani, ilhali 1200 imejaa upande wa mbele. Kwangu mimi huo ni ujanja, na anayeumia ni yule aliyejinyima miezi miwili ili watoto wasome mtandaoni. Tafuta iliyoandikwa 10/100/1000.

Herufi angalau zina maana: N ni kiwango cha mwaka 2009, AC cha 2013, AX cha 2021. Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance iliamua kuviita Wi-Fi 4, 5 na 6, jambo la busara lililochelewa. Chagua kwa kizazi, achana na jumla.

Lakini kama kifurushi chako ni cha megabiti 10, hata kile kiwango cha G cha 2003, 54 kwenye karatasi na kama 20 halisi, kingekibeba ukiwa karibu na ruta. Shida ya nyumba zetu ni kuta za mawe, ambazo hukata gigahezi 5 upesi, na majirani wa ploti waliobanana kwenye gigahezi 2.4, yenye chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Itoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu, katikati ya nyumba.

Kabla ya kushuka Luthuli Avenue na pesa mkononi, chomeka tarakilishi kwenye ruta uliyo nayo kwa waya, upime. Ukipata kasi unayolipia, ila chumbani huipati, basi shida ni Wi-Fi. Ukiikosa hata kwa waya, anza kwa kumpigia simu anayekuuzia mtandao.