"Ni Ndege Tu"

Kuna sentensi inanikera kuliko zote: "Ah, ni ndege tu."

Niliisikia Mida, kule Kilifi, mwezi wa Aprili. Maji yalikuwa yametoka na tope limejaa ndege wanaojiandaa kurudi kaskazini kuzaliana. Nikawaonyesha wenzangu sululu wawili. Mmoja ana mistari myeusi kichwani, mdomo wake unapinda karibu na ncha, na akiruka hupiga miluzi ya haraka haraka, kama saba hivi. Mwingine ni mkubwa zaidi, kichwa hakina mistari, mdomo mrefu umepinda taratibu.

"Si wote ni sululu?" rafiki yangu akasema. "Hiyo ni kazi ya wazungu na darubini zao."

Hapana, bana. Jamaa huyu huyu anatofautisha Probox na Succeed usiku, tena kwa mbali. Kwa hivyo shida si macho. Ameamua tu kwamba gari linastahili kutazamwa na ndege hastahili.

Na usiniambie ni mambo ya wasomi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Aliyenifundisha sululu ni mzee mvuvi asiye na darubini. Aliniambia, "Sikiza kwanza, mwanangu, halafu ndio uangalie."

Mnauliza inasaidia nini? Kulikuwa na sululu mwingine, mwenye mdomo mwembamba na madoa kama mioyo ubavuni. Alizaliana Siberia, akapitia Ulaya hadi Afrika Kaskazini. Picha yake ya mwisho isiyo na ubishi ilipigwa Merja Zerga, Moroko, Februari 1995. Mwaka 2025 IUCN ikatangaza kwamba ametoweka duniani. Wanasayansi wanataja uwindaji na kupotea kwa maeneo oevu. Mimi naongeza: mwindaji anayelenga kundi la sululu hajui ni yupi anayemwangusha. Na wewe uliyesema wote ni wamoja, ungejuaje kwamba mmoja hayupo? Ungetazama tope, uone sululu, uende zako ukiamini mambo ni shwari.

Yule mkubwa wa Mida naye tayari ameingia kwenye orodha ya walio karibu na hatari. Aprili ijayo, maji yakitoka, nenda ukamtafute. Ukimkosa, angalau utajua ni nani umemkosa.