Safari ya familia si mashindano

Likizo ikifika, familia zenye gari hupenda kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Ni safari nzuri. Watoto huona wanyama wa Mikumi wakiwa barabarani, hushuka korongoni Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale, na huko Kalenga hujifunza habari za Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani waliibomoa ngome yake mwaka 1894, na fuvu lake likarudishwa mwaka 1954.

Ubaya ni pale baba anapotoka kazini jioni na kutaka kumaliza karibu kilomita 500 usiku huohuo. Usingizi kwenye usukani ni hatari kama pombe. Redio, upepo wa dirishani na kahawa haviuponyi. Dawa yake ni kulala. Mlima Kitonga, wenye kona kali, haumsubiri dereva azinduke.

Kwa maoni yangu, gharama ya chumba cha kulala Morogoro ni ndogo kuliko gharama ya jeneza. Ondokeni asubuhi, mkapumzike kila baada ya saa mbili. Mama asimpakate mtoto kiti cha mbele, kwani gari likigonga mikono haiwezi kumzuia. Watoto wakae nyuma na kufungwa mikanda, na mdogo awe kwenye kiti chake maalumu.

Mawe ya Isimila yamekaa pale maelfu ya miaka. Yatawangoja siku moja zaidi.